Rivyu: Mustang P-51D kubwa ya Top Flite, ndege ya mfano ya kuruka kwa rimoti, ile ya kujenga mwenyewe kwa mbao

Kwa wanaouliza kama hii seti bado inafaa, mi nasema inafaa sana, ila ujue unanunua mbao na ramani, sio ndege. Ncha hadi ncha ya bawa ni kama mita 2.15, mbavu ni balsa (mbao nyepesi sana) na plaiwudi, na kila ubavu unausimamisha mwenyewe juu ya ramani kwa pini na gundi. Tangu Hobbico, kampuni iliyokuwa na jina hilo, wafilisike 2018 jina la Top Flite likaenda Horizon Hobby na haya maboksi yakawa adimu, langu nimelipata kwa mtu aliyekuwa nalo stoo halijafunguliwa, vipande vyote vipo.

Kazi tamu kuliko zote ni kuvika bawa shiti za balsa. Unalowesha maji kidogo upande wa nje ili ikubali kupinda pale mbele, unabana, unaacha ikauke yenyewe, usilazimishe maana bawa likikauka limejikunja hata kidogo hiyo ndege itavuta upande mmoja maisha yake yote. Alafu msasa, msasa tena, nikalaza kitambaa chembamba cha faibaglasi na epoksi ndo nikapiga rangi. Ukipitisha kiganja huamini ni mbao.

Mkia nimeupaka mwekundu kama wa kundi la 332 la jeshi la Marekani, marubani weusi waliofunzwa Tuskegee, Alabama, waliokuwa wanaruka na Mustang kutoka Ramitelli, Italia, 1944, kwenye Vita vya Pili vya Dunia, wakisindikiza ndege za mabomu. Kwangu hiyo ndo sababu ya kujenga Mustang, na ikipita chini chini na ule mkia jamani roho inajaa.

Injini nimefunga DLE-55, cc 55, inakula petroli iliyochanganywa na oili ya tu-stroku, propela ya inchi 22x10. Unawasha kwa mkono tu. Betri ya moto wa plagi iwe ya kwake peke yake na ikae mbali na risiva (kile kinachopokea mawimbi ya rimoti), hapo usibishane na mtu.

Kilichoniudhi ni miguu ya matairi ya kukunja, ambayo haiji na boksi. Ile ya upepo niliyouziwa na duka moja la mtandaoni kama mpya ilikuwa inavuja, mguu mmoja unashuka mwingine umebaki katikati, na pesa hawakurudisha. Nikatoa nikaweka ya umeme, imetulia. Bana hela kokote ila sio hapo.

Hewani sasa. Usisukume gesi yote kwa mara moja, propela kubwa vile inaivuta pua kushoto, peleka taratibu huku unashikilia usukani wa mkia (rudder) kulia mpaka ikimbie vizuri ndo mkia uinuke. Ikishapaa ni laini sana. Kutua, shusha flapu (vibao vya nyuma ya bawa) na bakiza gesi kidogo mpaka matairi yaguse, maana hii ni ndege ya kilo 10, ukiipunguza mwendo kwenye kona bawa linaanguka ghafla na chini huna muda wa kuokoa.

Kwa tulio Marekani, inazidi gramu 250 kwa hiyo sajili FAA, mamlaka ya anga, na ufanye ule mtihani wa usalama wa TRUST, mtihani ni bure. Na kabla hujachoma pini ya kwanza toa kopi ya ramani, orijino utaihitaji siku ya kurekebisha.