Kibanda cha sarafu za zamani Arusha mjini: nendeni, ila bei bishaneni

Niliahidi kuandika kuhusu kile kibanda cha sarafu za zamani, kile kilichojibana katikati ya maduka ya vinyago si mbali na Mnara wa Saa, jina silitaji na mkisoma mpaka chini mtaelewa kwa nini. Nilishuka na haisi kutoka Kwa Mrombo Jumamosi kutafuta zawadi ya mjomba wangu, nikajikuta nimekalia stuli saa nzima na nusu.

Muuzaji ni mzee wa makamo ya babu yangu. Shikamoo, marahaba mjukuu wangu, mara kaniwekea kiganjani kitu cheusi kama kifungo cha koti, kimeandikwa DEUTSCH OSTAFRIKA, geuza, 1 HELLER. "Soma." Nikasoma, hela. Babu akacheka mpaka akakohoa. Kumbe hela tunayoililia kila tarehe 25 ni sarafu ya Mjerumani, zilianza kutoka 1904, mia moja kwa rupia moja, Mjerumani kafurushwa kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, rupia yake ikafa, jina likabaki midomoni mwetu. Na pesa nayo ni ya Wahindi, paisa. Hapo tu nauli yangu ilisharudi.

Akatoa senti kumi yenye tundu katikati, pembe za ndovu zimelizunguka, EAST AFRICA, halafu shilingi ya simba. Zile zilikuwa zinatumika Kenya, Uganda na kwetu, mpaka 1966 tulipoanza kutoa shilingi yetu wenyewe. Basi hapo ndo ubishi ukaanza. Itifaki ya sarafu moja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ilisainiwa Kampala 2013, tukaambiwa itatoka 2024, sasa wanasema 2031, na makao makuu yako hapa hapa Arusha, sasa itaitwaje? Babu anataka shilingi irudi, basi. Chalii anayemsaidia akadakia, Rwanda, Burundi na Kongo wana faranga, Sudan Kusini pauni, nani atakubali kuamkia jina la mwenzie? Nikawachomekea ya Ulaya, ilikuwa iitwe ecu, Wafaransa wanaipenda maana walikuwa na sarafu ya zamani ya jina hilo hilo, Wajerumani wakagoma, na inasemekana masikioni mwao ilikuwa inafanana na neno lao la ng'ombe, ndo 1995 pale Madrid wakaangukia euro, jina lisilo la mtu. Afrika Magharibi nao wameshachagua eco tangu 2019 na noti hata moja haijatoka, chalii akasema hao wamebatiza mtoto mimba haijaingia. Ile faranga yao ya CFA ndo kituko zaidi, mwaka 1945 hizo herufi zilimaanisha makoloni ya Ufaransa ya Afrika, wakabadilisha maneno, herufi wakaziacha vile vile!

Sasa lawama. Kuna sarafu kubwa ya fedha yenye mama mnene, Maria Theresa, aliyekuwa mtawala wa Austria, sarafu yenyewe inaitwa thaler, na neno dola limetokana na jina hilo hilo la thaler. Babu anataka laki na themanini, eti ina miaka zaidi ya 240 kwa sababu imeandikwa 1780. Babu wee. Ule mwaka ndo aliofariki huyo mama, na wakaendelea kuzigonga na tarehe ile ile miaka na miaka, ya kwako inaweza ikawa ya juzi. Nilivyomwambia alinyamaza, akarekebisha kofia, bei ikashuka mpaka sitini. Mtalii angelipa laki na themanini na asante juu.

Nilichukua hela moja elfu nne na senti kumi elfu mbili, risiti hakuna. Nikampa noti ya elfu kumi, na kibanda kizima kimejaa sarafu jamani, chenji hana. Akanirushia kwenye simu, makato juu yangu.

Nyota tatu na nusu, nendeni asubuhi kabla watalii hawajajaa. Mjomba nimempa ile ya tundu, hela ipo kwenye pochi yangu na haitoki.