Shule ya serikali Likoni: nyota moja, labda mbili

Nyota moja, na hiyo ni ya mlinzi wa getini. Mzee yule ndiye mtu pekee siku ile aliyenipa kiti, akamuuliza mwanangu jina lake, kisha akaninong'oneza kwamba karatasi za Tanzania nizitoe zote kwa mpigo, "maana ukitoa moja, mama, utaambiwa karudi ulete ya pili." Angekuwa yeye ndiye anayekaa ofisini, ningekuwa naandika mengine hapa.

Tulihamia Mombasa kutoka Tanga baada ya mume wangu kupata kazi ya mizigo bandarini. Akademi, yaani shule za binafsi, nilizipigia simu, nikakata kabla hawajamaliza kutaja ada. Basi shule ya serikali. Na huko nilikuwa na sharti moja tu, mtoto asivuke feri ya kwenda kisiwani Mombasa. Watu wa Likoni mtanielewa. Kwa mtembea kwa miguu feri ni bure, ndiyo, lakini mtoto wa miaka kumi peke yake kwenye ule umati wa asubuhi, hapana. Kwa hiyo matokeo ya mitihani sikuyauliza, wala maktaba. Niliuliza shule iko upande gani wa maji, na kama wanawaachia watoto mapema wakawahi madrasa.

Sasa nije kwenye kilichoniudhi.

Mwanangu alikuwa amemaliza darasa la nne kwetu, na ripoti yake nzuri tu. Hesabu ndiyo somo lake. Tukaingizwa kwa naibu wa mwalimu mkuu, akampa karatasi ya majaribio, yote Kiingereza. Kwetu shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo miongoni mwa masomo. Kenya, kuanzia Gredi ya Nne, mambo yanageuka: kufundisha ni kwa Kiingereza, Kiswahili kinabaki na kipindi chake. Hilo nilikuwa nalijua kabla hatujafunga mizigo, na nilijua mtoto atapata tabu. Nilichotarajia ni mtu mzima, tena mwalimu, aweze kumtofautisha mtoto asiyejua kutoa na kujumlisha na mtoto asiyeelewa swali limeandikwa nini.

Swali lilikuwa la mchuuzi aliyenunua maembe kwa bei hii akayauza kwa bei ile. Mwanangu akaniangalia. Nikamsomea kwa Kiswahili, akataja faida papo hapo, hata kalamu hakuigusa. Naibu akanyoosha mkono akaichukua karatasi.

"Mama, usimfanyie. Huyu tutamweka Gredi ya Pili."

Ya Pili! Mtoto anayejua sehemu na desimali akakae na wanaong'oka meno ya mbele. Nikauliza kwa adabu, wallahi kwa adabu, kama hakuna njia nyingine. Akawatazama wazazi waliokuwa wakingoja mlangoni, akacheka, akasema: "Hapa si Tanzania, mama. Hapa watoto husoma."

Na alisema kwa Kiswahili! Cha kumtukania mtoto kinafaa, cha kumpimia hesabu hakifai. Katiba ya Kenya ya 2010 imekiandika Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na lugha rasmi pamoja na Kiingereza, ila katiba haikuwemo ofisini mle. Nilitaka kumjibu kwamba Tanga serikali ilifungua shule tangu enzi za Mjerumani, lakini mdomo ulikauka. Mzazi mmoja akacheka naye. Mwingine akajitia kutafuta kitu mkobani. Mimi ningeyameza, nimeshasikia makubwa kuliko hayo, lakini mwanangu alikuwa amesimama pale pale na masikio yake mawili. Njia nzima hakusema neno, na usiku akaniuliza kama kweli kwetu hatukuwa tunasoma.

Haya, niseme na ya upande wao. Tangu 2003 elimu ya msingi Kenya ni bure, na serikali huipa shule shilingi 1,420 kwa kila mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Mgao unafuata majina yaliyomo kwenye mfumo wa wizara, na mfumo unataka cheti cha kuzaliwa cha Kenya. Mtoto wa kigeni anakuja na daftari, tumbo na mahali pa kukaa, na mgao hauji naye. Mtu mwenye madarasa yaliyofurika hawezi kunipokea kwa vigelegele, hilo nakubali. Lakini angeweza kuniambia hivyo, kwamba hana nafasi na hana fedha, nikaenda zangu. Ukosefu wa fedha haumlazimishi mtu kumdhalilisha mtoto wa miaka kumi.

Halafu pasi. Shule ikataka pasi ya mwanafunzi, kile kibali cha mtoto wa kigeni kusoma, kutoka Uhamiaji kabla ya kumwandikisha. Uhamiaji wakataka barua ya shule inayosema ameandikishwa. Tulizungushwa hapo muda mrefu, mtoto yuko nyumbani anaangalia katuni, hadi siku tuliyomkuta mwalimu mkuu mwenyewe. Huyo mama ni mtu mwingine kabisa. Aliisoma ripoti yote, hata maoni ya mwalimu wa Tanga yaliyokwaruzwa chini, akamuuliza mwanangu hesabu mbili tatu kwa Kiswahili, akaandika barua. Gredi ya Nne. Ni mwaka mmoja nyuma, nikakubali, kwa sababu mwaka mmoja wa kukishika Kiingereza una maana. Mitatu ilikuwa adhabu.

Na hapa ndipo ninapopata shida na nyota zangu, kwa sababu mwalimu wake wa darasa, jamani, Mungu amzidishie. Darasa limejaa, dawati moja watatu, lakini wakati wa mapumziko anamwita na kitabu cha hadithi wanasoma ukurasa mmoja. Kipindi cha insha ya Kiswahili anamsimamisha awasomee wenzake aliyoandika. Mtoto aliyeambiwa kwao hakusomwi sasa anafuatwa na wenziwe wamuulize methali. Anaamka mwenyewe asubuhi. Nikapandisha nyota hadi nne.

Nikakumbuka pesa ya dawati.

Siku ya kuandikishwa karani alitaka pesa ya dawati, nikampa mkononi. Risiti? "Kitabu kimeisha, mama." Nimeshakwenda kuiulizia, kitabu bado kimeisha. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, inaruhusu asiye raia atozwe karo, na mimi ningelipa bila kununa. Kifungu hicho hicho kinasema hakuna mchango unaokusanywa bila risiti rasmi, na kifungu kingine kinakataza ada ya kuandikisha. Na dawati lenyewe silioni. Mwanangu bado anakaa wa tatu, pembeni, nusu hewani.

Kwa hiyo mbili. Walimu wa darasani ningewapa tano, ofisi ile sipati namba yake.

Anayekuja kutoka kwetu: cheti cha kuzaliwa halisi, barua ya uhamisho yenye mhuri, ripoti za miaka iliyopita, na umwanzishie mtoto hesabu za maneno kwa Kiingereza mapema, hata za maembe. Usiende siku mwalimu mkuu ana mkutano nje.

Mdogo wake anaanza chekechea Januari. Chekechea ziko chini ya kaunti, kwa hiyo ni ofisi nyingine na karani mwingine, ingawa uwanja ni ule ule. Nitampeleka hapo hapo, kwa ajili ya yule mwalimu wa Gredi ya Nne, afike mikononi mwake siku moja. Ila kukiwa na jambo la kuzungumza na naibu, atakwenda baba yao.