Kava la silikoni la kibodi, Sh 8,000 pale sokoni Mbuyuni

Laptopu yangu ni ThinkPad T430 ya mtumba. Kibodi ilikufa herufi tatu, fundi mmoja hapa Moshi akanibadilishia kwa Sh 45,000. Kibodi ya asili ya mashine hii ina vijitundu vya kupitisha maji yatokee chini. Hii mpya niliigeuza kabla haijafungwa, haina hata kimoja. Na mimi kazi nafanyia mezani jikoni, chai ya tangawizi kando.

Nikaenda Mbuyuni kutafuta kava. Muuzaji: "Chukua tu mangi, yote yanaingia." Hayaingii! La kwanza halikukaa kwenye vitufe, na kile kidude chekundu cha katikati ya kibodi, cha kusogezea mshale, hakikuwa na tundu lake. Akanibadilishia bila maneno, hapo nampa heko.

La pili limekaa sawasawa. Juzi mwanangu kamwaga chai nusu kikombe. Nikazima, nikachomoa betri, nikainua kava taratibu: chini pakavu. Tone moja tu lilikuwa karibu na swichi ya kuwashia, ambako kava halifiki. Ila kwa kava hili kuandika kumekuwa kuzito, kama kutembea na gambuti kwenye tope la masika.