Uzoefu wangu: yadi ya Malindi iliyoniuliza theluji iko wapi

Nililipa fedha ili pikipiki yangu ya magurudumu manne ihifadhiwe vyema msimu wote wa mvua na kusi, nami nikarudishiwa mashine isiyowaka, betri imekufa na kutu imetambaa kwenye kila nati iliyo chini ya fremu. Uharibifu huo peke yake fundi mzuri anaweza kuurekebisha. Lisilorekebishika ni namna nilivyojibiwa nilipouliza.

Wanaofanya kazi ya kuwapeleka wageni kwenye matuta ya mchanga ya Mambrui, au bara kule Marafa kwenye makorongo mekundu ya Nyari, wanajua kwamba riziki yetu ni ya kaskazi. Masika yakianza Aprili na kuzidi Mei, hoteli nyingi hufunga milango, ufuo wa Malindi hujaa mwani, na mashine hukaa miezi kadhaa bila kuguswa. Miezi hiyo ya kukaa bure huiumiza mashine kuliko mchanga na kuliko mgeni asiyejua kuendesha. Ndiyo maana niliamua kulipia yadi, tena si kwa bei ya chini, badala ya kuiegesha uani kama wafanyavyo wengi.

Wala sikuiacha hivi hivi. Kitabu cha mashine kina sura nzima kuhusu kuiandaa kabla ya kuihifadhi majira ya baridi, na kutokana na sura hiyo nilimwandikia mwenye yadi karatasi inayoeleza kila jambo: aioshe hadi chini ya tumbo kwa maji matamu, si ya kisima chenye chumvi, kisha aikaushe, abadilishe oili kabla ya kuiweka, kwa kuwa oili iliyotumika hubaki na asidi na unyevu unaokula vyuma vya ndani ya injini, atie kwenye petroli dawa ya kuizuia isiharibike, aiwashe injini dakika chache mpaka petroli hiyo ifike kwenye kabureta, au sivyo aimwage yote iliyomo ndani ya kabureta, aitoe betri na kuichaji kila mwezi, ainyanyue mashine ili tairi zisibebe uzito, na aifunike kwa kitambaa kinachopitisha hewa. Aliisoma karatasi mbele yangu, akaikunja, akaitia mfukoni, akasema, "Haya, itafanyika." Kisha akahesabu fedha.

Nilipoifuata, kaskazi ikiwa karibu kuanza, niliikuta imeviringishwa nailoni, na ndani ya nailoni hiyo matone ya maji yalikuwa yamejaa kila mahali. Mchanga wa Mambrui ulikuwa bado umeganda kwenye springi za mbele, kwa hiyo haikuwahi kuoshwa hata mara moja. Kwenye vyuma vya alumini kulikuwa na unga mweupe ule unaoletwa na chumvi. Betri ilikuwa palepale nilipoiacha, nyaya zimefungwa, na kipimo kilisoma chini ya volti 11, ilhali betri ya namna hiyo ikishuka chini ya volti 12.4 na kuachwa hivyo, bamba zake za risasi huanza kuota fuwele za salfati, na fuwele hizo zikikomaa betri haipokei tena chaji ipasavyo. Kabureta ilipofunguliwa, petroli iliyokuwemo ilikuwa imegeuka utomvu wa kahawia, nayo imeziba vitundu vyembamba ambavyo injini yote huvitegemea ipate kupumua na kula.

Nilikwenda kwa mwenye yadi kwa utulivu. Ni mtu wa rika la baba yangu, nami nikamwamkia inavyopasa: "Shikamoo, mzee." Hakuitikia. Nilidhani hakusikia, nikarudia, naye akanitazama na bado hakuitikia. Nikamwuliza kuhusu ile karatasi. Hapo ndipo alipopata sauti, akaipaza mbele ya wateja na vijana wake wote: "Mwanangu, wewe theluji umeiona wapi hapa Malindi? Hayo ni mambo ya Wazungu." Wakacheka. Nilibaki nimesimama na funguo mkononi, mtu niliyelipa kila senti mapema, nikichekwa kwa kuuliza kazi niliyoilipia.

Niseme kuhusu hiyo theluji. Katika sura nzima ile, jambo linalohusu theluji hasa ni kuhakikisha kwamba rejeta ina dawa ya kuzuia maji yasigande, nalo sikuliandika kwenye karatasi. Mengine yanahusu mashine kukaa bila kutumika, iwe Kanada au Malindi. Petroli huharibika kwa sababu sehemu zake nyepesi huruka, na zinazobaki huungana na hewa zikawa gundi, na joto huharakisha jambo hilo. Betri nayo hujimaliza ikiwa imekaa tu, na mafundi hukadiria kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zinapoongezeka, mwendo wa kujimaliza hukaribia kuwa mara mbili. Kule kwenye barafu hofu yao ni betri iliyoisha kuganda na kupasuka. Hapa kwetu joto hilohilo tunalolifurahia ndilo linaloimaliza. Tena wao hawana kusi inayovuma kutoka baharini mchana na usiku ikileta chumvi, na chumvi hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo chuma kilichopakwa chumvi hakikauki hata siku ambayo mvua haikunyesha. Mtu aliyezeeka katika mji huu, aliyeona mabati na nondo za nyumba za ufuoni zinavyoliwa, alipaswa kuwa wa kwanza kuisoma karatasi ile kwa makini.

Haki lazima isemwe pia. Mashine ilinyanyuliwa juu ya matofali, tairi zilikuwa salama, hakuna kilichoibwa, na mlinzi ni mtu mwema aliyenikaribisha vizuri. Yupo pia fundi mmoja kijana aliyetoka nyuma yangu wakati wengine bado wanacheka, akasema kwa sauti ya chini, "Pole, kaka. Hiyo karatasi sisi hatukuonyeshwa." Alikaa na kabureta yangu mpaka jua likakaribia kuchwa, akasafisha kila kitundu, na injini ikawaka. Kwa ajili yake nilikuwa nimekusudia kuandika kwamba yadi hii inamfaa mtu anayetaka kivuli na mlinzi tu, mradi aioshe na kuiandaa mashine yake mwenyewe kabla ya kuipeleka.

Lakini kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyoona kwamba siwezi kumshauri hivyo mtu yeyote. Sikuuziwa kivuli. Niliuziwa kuosha, oili, dawa ya petroli na kuchaji betri, na fedha za kazi hizo zilipokewa na mtu ambaye hakuwa na nia ya kuzifanya, ndiyo maana hata vijana wake hawakuiona karatasi. Usipeleke mashine yako pale. Fundi yule nitampa kazi yangu popote atakapohamia, na ninaomba ahame. Mwenye yadi nimemwandikia nikidai bei ya betri mpya na malipo ya kazi zisizofanyika, na katika barua hiyo hiyo nimetaja kwamba bado hajaiitikia salamu yangu, na kwamba siamini kuwa hakuisikia.