Kadi ya launji kwa sisi tunaotokea Mwanza

Wafanyabiashara wenzangu wa mabondo, vile vibofu vya hewa vya samaki, wananiuliza sana habari za Priority Pass, kadi ya kulipia inayokuingiza launji, yaani kumbi za kupumzikia za viwanja vya ndege, hasa wale walioniona Dar napita kwenda kuoga na kula wakati wao wamebanana kwenye viti vya geti. Nimeitumia vya kutosha kuisemea. Naipenda. Ila kwa mtu anayeanzia safari huku kwetu ziwani ina tundu moja kubwa, na anayekuuzia hawezi kukutajia kwa sababu ratiba zetu hazijui.

Kwanza pesa. Mimi niko kwenye kifurushi cha chini: nililipa dola 99 za mwaka, na kila nikiingia nakatwa dola 35. Ukiingia na mwenzako, anakatiwa 35 zake. Juu yake kuna cha dola 329 kinachokupa kuingia mara 10 bila kulipa tena. Tofauti ya vifurushi hivyo ni dola 230. Gawa kwa 35 utapata sita na ushee. Maana yake kama kwa mwaka mzima hufikishi mara saba, cha juu kinakula hela yako bure. Usisahau kuhesabu kwenda na kurudi, maana safari moja ya Guangzhou inaweza kumeza mara mbili au tatu.

Hapa Mwanza siihitaji kabisa. Kutoka Pasiansi uwanja ni pua na mdomo, na ndege ya Dar inachukua kama saa moja na nusu. Hata ndugu zetu wa Sengerema na Geita, tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, hawaondoki tena nyumbani usiku kwa kuhofia foleni ya kivuko pale Busisi. Anayeishia Dar asinunue kadi hii.

Tundu lenyewe liko Dar. Ukitoka Mwanza unashukia jengo la pili, na ndege ya nje unaipandia jengo la tatu, lile lililozinduliwa Agosti 2019. Launji iko ndani, ng'ambo ya uhamiaji. Uhamiaji hupiti bila pasi ya kupandia ndege, na kaunta inayotoa pasi hiyo inafunguliwa saa chache tu kabla ya safari. Sasa wengi wetu tunatoka Mwanza asubuhi kwa kuogopa ndege ya mchana isije ikachelewa, halafu ya nje ni ya usiku. Hapo katikati ndipo mtu anapochoka hasa, anaburuza mabegi, choo anaenda kwa zamu na mwenzake, na kadi ya dola 99 iko kwenye pochi haina kazi. Tena launji nyingi zinazopokea kadi hii hazikuruhusu kuingia mapema kuliko saa tatu kabla ya kuondoka.

Ninachofanya siku hizi ni kumbana wakala wa tiketi. Kama inawezekana aniandikie safari yote kwenye tiketi moja, mizigo ipokelewe Mwanza iende hadi mwisho. Ikishindikana, nachagua ndege ya Mwanza itakayonifikisha Dar saa tano au sita kabla ya ile ya nje. Inatosha kama kuna kuchelewa, na haikuachi ukizurura nje siku nzima.

Ukishafika mlangoni, raha inaanza. "Shikamoo mama, karibu. Naomba kadi na pasi yako ya ndege." Namwonyesha ile ya kwenye simu, anaipiga picha na kamashine kake, basi. Kabla sijaenda kwenye chakula naulizia bafu hapo hapo mezani kwake. Mabafu huwa machache na majina yanaandikwa, ukianza na wali na sambusa utakuta watu wanne mbele yako. Nabeba khanga yangu, ndala na sabuni kwenye begi la mkononi. Nikitoka hapo natafuta meza yenye soketi, nachaji simu, natandaza karatasi zangu za uzito na madaraja ya mabondo, napiga simu kwa mnunuzi bila kelele za matangazo. Kuna bei nilishawahi kuipandisha nikiwa nimekaa hapo, nimeshiba na kichwa kimetulia. Getini nisingeweza.

Ukiunganishia ndege Addis Ababa hesabu ni nyingine. Shirika la Ethiopian liko Star Alliance, umoja wa mashirika ya ndege, tangu 2011, na kujiunga na ShebaMiles, mpango wao wa kukusanya maili kila unaporuka nao, ni bure. Ukiruka nao sana ukafika ngazi ya Gold ya uanachama, unaingia launji hata ukiwa na tiketi ya daraja la kawaida, na unaruhusiwa mgeni mmoja mnayesafiri naye ndege hiyo. Kahawa yao pale, aisee! Kwa anayekwenda China mara kwa mara, hiyo maili ina thamani kuliko kadi yoyote ya kununua, na nasikitika ninapoona wenzangu wanasafiri miaka bila hata kuandika namba ya uanachama kwenye tiketi. Na kama kusubiri kwako Addis kunazidi saa nane kwa sababu hakuna ndege ya karibu zaidi, uliza hoteli ya shirika kabla hujaondoka Dar. Kitanda kinashinda kochi.

Ninalotaka muwe macho nalo ni kadi za benki zinazonadiwa kwamba zina launji ndani yake. Benki moja hapa mjini ilinipa kadi ya namna hiyo kwa mbwembwe, wala hawakusema kwamba lazima nijisajili kwanza kwenye programu ya simu. Nikakataliwa mlangoni, nikiwa ugenini, usiku. Ukipewa kadi, mkalishe afisa chini akuonyeshe kwenye simu yako mambo matatu: usajili umekamilika, umebakiwa na mara ngapi za bure, na mgeni anakatwa shilingi ngapi.

Mwaka huu nimelipia tena kile kifurushi cha dola 99. Cha 329 nitakifikiria nikianza kupitia Nairobi na Dubai pia.