Siku tatu na kaka yangu kwenye kijumba cha gereza, Kanada

Watu wakisikia ziara za faragha za familia gerezani wanadhani ni mambo ya mke na mume tu, wanaanza kucheka. Jamani mimi nimeenda na mama yangu mzazi kumuona kaka, yuko gereza la federali (la serikali kuu) huku Ontario, na naandika hivi maana sisi hakuna aliyetuelezea chochote kwa Kiswahili.

Kanada walianza huu utaratibu 1980 gereza la Millhaven. Wazazi, ndugu, watoto, mabibi na mababu wote wanaruhusiwa. Mnapewa mpaka masaa 72, kawaida mara moja kila miezi miwili, mnakaa kijumba kiko humo humo ndani ya uzio, chetu kilikuwa na vyumba viwili, jiko, sebule na kauwanja. Askari hawakai na nyie ila kaka lazima ajitokeze kuhesabiwa mara kadhaa kwa siku.

Chakula kinaagizwa kabla na analipa mfungwa mwenyewe. Sasa mfungwa wa daraja la juu kabisa la malipo ya gerezani analipwa dola 6.90 za Kanada kwa siku na hapo bado makato, kwa hiyo kaka alidunduliza muda mrefu sana ili mama ale vizuri. Unga aliopata ni ule wa njano, mama akausonga hivyo hivyo ugali ukatoka kama keki, na kaka alikula sufuria zima kasimama pale pale jikoni, hakutaka hata kukaa.

Kilichoniumiza ni kusubiri. Fomu, afisa kumhoji mama, halafu miezi kimya, ukipiga simu unaambiwa subirini. Na siku ya kuingia mbwa ananusa, wanapangusa vitu vyenu wanapima kwenye mashine chembe za madawa ya kulevya, simu inabaki nje. Mama alitetemeka mpaka nikamshika mkono, mtu mzima yule angeelezwa mapema kwa lugha yake asingeogopa vile.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Usiku wa pili nimeamka nikamkuta mama kakaa kwenye kiti mlangoni kwa kaka anamuangalia tu akilala, nikamwambia mama kapumzike, akasema niache mwanangu, miaka sita sijamsikia akikoroma.

Mwenye ndugu ndani mwambieni aongee mapema na afisa wake wa parole, yule anayefuatilia mambo yake humo gerezani. Sisi fomu ya pili tumeshapeleka.