Priscilla au To Wong Foo: ipi imfae fundi wa maleba?

Fundi wa maleba jijini Kampala anayetaka kujifunza kutokana na filamu za wasanii wa kiume wanaotumbuiza kwa mavazi ya kike anaweza kulinganisha mbili: Priscilla ya Australia, ya mwaka 1994, na To Wong Foo ya Marekani, iliyofuata mwaka 1995. Hii ya pili ilikuwa na fedha za studio kubwa pamoja na nyota kama Patrick Swayze na Wesley Snipes. Mandhari ya kijiji ilipigwa Loma, Nebraska, na urembo wake ni nadhifu, pengine kupita kiasi.

Priscilla ilikuwa na bajeti finyu, na hapo ndipo penye somo: Lizzy Gardiner na Tim Chappel walitengeneza gauni zima kwa kandambili za plastiki, za aina inayorundikwa sokoni Owino, wakatwaa Tuzo ya Oscar ya maleba, ambayo Gardiner aliipokea akiwa amevaa gauni la kadi za American Express za rangi ya dhahabu. Ningeanza na hiyo, ijapokuwa kwa vipodozi na mawigi To Wong Foo yastahili kutazamwa kwa makini.